Zima Pampu, Muziki Usikike

Kilichomkera Rukiyo mwanzo hakikuwa muziki. Muziki wenyewe alikuwa hajausikia bado. Kilichomkera ni mpiga ngoma wa wageni, pande la mtu lenye ndevu, alipoingiza kichwa chini ya bomba la kisima cha Kutulo, akajipaka shampuu ya kijani huku akicheka, povu likamtiririka shingoni mpaka mchangani, mbele ya wanawake waliokuwa kwenye foleni tangu alfajiri na madumu yao ya njano. Alijisuuza. Kisha, bila haya, akajipaka tena. Nani alimwambia kichwa huoshwa mara mbili?

Ebla, jirani wa mama yake Rukiyo, alimvuta Rukiyo ushungi na kumnong'oneza, "Huyu ana chawa?"

"Hana, eddo," Rukiyo alijibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Basi ana nini?"

Rukiyo alikuwa mkalimani wa shirika la misaada, kazi yake kugeuza maneno ya wageni yakaeleweka kwa wenyeji na ya wenyeji yakaeleweka kwa wageni, na mshahara wa kazi hiyo ulilisha nyumba nzima. Lakini povu lile halikuwa na tafsiri. Alitazama pembeni.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na mvua ilikuwa imepita mbali misimu miwili. Kutoka Takaba hadi Lafey hakuna aliyezungumza jambo lingine. Mabwawa yalikuwa yamebaki matope yaliyopasuka, mbuzi walikuwa wanauzwa kwa bei ya kuchekesha, na kila mwenye ngamia alijua ni kisima gani bado kina mashine inayozunguka na ni kipi kimekufa. Cha Kutulo kilikuwa hai. Kilikuwa hai kwa sababu ya jenereta, na jenereta ilikuwa imetoka kwa hawa waliokuwa wakioga.

Nao walikuwa bendi. Walitoka Ayalandi, nchi ambayo, kwa maelezo yao wenyewe, mvua huwaudhi watu. Walipiga nyimbo za mababu zao wa kale, zile ziitwazo za Kikelti, nyimbo za wachunga kondoo na wavunja mawe, ila wao walizipiga kwa vyombo vya umeme: gitaa la umeme, besi la umeme, filimbi iliyofungiwa maikrofoni kwa utepe mweusi, na fidla moja ya ajabu iliyokonda, isiyo na tumbo, ubao tu na nyuzi na waya unaoning'inia nyuma. Walikuwa wameuza kanda kwao, wakapata fedha, wakanunua jenereta, na sasa walikuwa wamekuja kuona kisima chao. Hivyo ndivyo walivyosema. Kisima chetu. Watu wa Kutulo, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha kuwaita Wazungu wa Nyaya, maana gari lao la pili lilipofunguliwa mlango zilianguka nyaya tupu, nyeusi, zimejikunja, na watoto wakakimbia wakidhani ni nyoka.

Rukiyo alikuwa nao tangu Garissa. Siku mbili alikaa katikati ya gari, magoti yakigusana na sanduku la matoazi, akisikiliza vicheko vyao na kunusa jibini lao lililoyeyuka. Mkubwa wa shirika, Nayil, mtu mwembamba mwenye ngozi iliyobambuka puani, alikuwa amemwambia walipoondoka, "Rukiyo, filamu hii tutakayopiga ndiyo italeta dizeli ya mwaka mzima. Kila kitu lazima kipendeze." Aliyasema maneno hayo mara nyingi njiani, hata Rukiyo akaanza kuyasikia usingizini.

Dizeli ndiyo iliyokuwa maneno yote. Lori la mafuta lilikuwa limekwama mahali fulani baada ya Wajir, wengine walisema ekseli imevunjika, wengine walisema majambazi. Tangi la juu la kisima lilikuwa limepasuka tangu kiangazi cha nyuma, kwa hiyo hapakuwa na akiba. Pampu ikizunguka, maji yanakwenda moja kwa moja kwenye mabirika ya saruji ya kunyweshea mifugo na kwenye bomba la akina mama. Pampu ikizimika, hakuna kitu. Kulow, mwendesha mashine, alikuwa amechovya kijiti kwenye tangi la jenereta asubuhi hiyo akawaambia wazee waziwazi: dizeli iliyobaki itanywesha makundi ya asubuhi na kundi moja la alasiri. Baada ya hapo ni kumngoja Mungu na lori.

Kundi la alasiri lilikuwa la Billow.

Billow alikuwa abti wake Rukiyo, kaka wa mama yake, na kwa desturi yao mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo hilo moja, abti kwa abti. Ndiye aliyeuza madume yake mawili ya ngamia ili Rukiyo amalize shule Garissa, wakati ndugu wa baba yake walikuwa wanasema msichana akisoma huota pembe. Alikuwa ametembeza ngamia wake kutoka upande wa mpaka wa Somalia, wamekaa kavu muda mrefu kuliko ilivyo halali kuwakalisha, na visima vilivyofuata, vile vya kuchimba kwa mikono vya upande wa Lafey, vilikuwa mwendo ambao waliochoka hawangeumaliza. Wakinywa leo, watapona. Wasiponywa leo, wengi watabaki njiani. Billow hakumwambia Rukiyo haya kwa kulia. Alimwambia kama mtu anavyokwambia njia ya kwenda sokoni.

"Nimewalaza kule nyuma ya migunga," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Wasione birika mpaka zamu yao. Wakiona wengine wanakunywa wataumia bure."

"Zamu yako haiguswi, abti. Nimemuuliza Kulow mwenyewe."

"Haye, sawa. Na hawa wenye kelele?"

"Watapiga muziki wao kidogo baada ya swala ya alasiri. Wazee wamekubali."

Wazee walikuwa wamekubali kwa shingo upande. Mmoja alisema muziki ni haramu, mwingine akasema kiu ya mifugo nayo ina hesabu yake kwa Mungu, na dizeli ya mwaka mzima si jambo la kutemewa mate. Wakakubaliana waswali kwanza, kisha wakae mbali kidogo, wageni wapige vitu vyao, wapigwe picha, waende zao.

Tatizo likaanzia kwenye jenereta. Ile ndogo waliyokuja nayo wanabendi, ya rangi nyekundu, ilikuwa imevunjika mguu na roho njiani baada ya Wajir. Nayil hakutatizika hata kidogo. Aliashiria ile kubwa ya kisima na kusema, "Hii ina nguvu ya kutosha kwa vyote viwili." Na kweli ilikuwa nayo. Fundi wao wa sauti, kijana aliyeungua jua mpaka masikio yakawa kama nyama mbichi, akaunganisha nyaya zake, spika mbili ndefu kama makabati zikasimamishwa juu ya lori lililobeba vyombo vyao, na mwenye fidla akagusa uzi mmoja.

Spika zikanguruma. Si fidla iliyonguruma, ni kitu kingine chini yake, mvumo mzito usiokoma, uuuuu, kama ng'ombe anayekataa kuzaa. Fundi akahamisha nyaya. Mvumo uko palepale. Akazima hiki, akawasha kile, akapiga magoti, akalaani. Mwisho akasimama, akakung'uta mchanga, akaelekeza kidole kwenye kisima.

"Ni pampu," alisema. "Mota ya pampu inaingia kwenye sauti. Pampu izimwe."

Rukiyo alisikia maneno hayo, akayaelewa, na bado akauliza, "Unasema nini?" kwa matumaini kwamba Kiingereza chake ndicho chenye kosa.

"Mwambie yule mtu azime pampu. Nyimbo tatu tu."

"Na jenereta?"

"Jenereta iendelee. Jenereta ndiyo inayotupa umeme."

Yaani dizeli iungue, maji yasitoke. Iungue ili fidla isikike safi. Rukiyo alimgeukia Nayil akitaraji kuona aibu kidogo usoni mwake, lakini Nayil alikuwa anatazama jua na saa yake, akihesabu mwanga wa kamera. "Nyimbo tatu, Rukiyo," alisema kwa upole wake ule uliokuwa unakera kuliko ukali. "Waeleze vizuri. Filamu yenye mvumo haina faida kwa mtu yeyote, hata kwao."

Akawaeleza. Kila neno lilimtoka kana kwamba yeye ndiye aliyelipika. Kulow alitikisa kichwa, akasema kijiti hakijui kuhesabu nyimbo, kinajua dizeli tu. Akina mama wakaanza kunung'unika. Billow ndiye aliyewanyamazisha.

"Nyimbo tatu," alisema. "Wimbo una urefu gani? Wazime. Lakini wa tatu ukiisha, Kulow, mkono wako uwe juu ya swichi."

Kulow, ambaye hadi hapo alikuwa amefungulia bomba la akina mama tu, si birika, akazima. Bomba la akina mama likatoa mkojo mwembamba, likakata. Mvumo wa spika ukakoma papo hapo, na fundi mwenye masikio mekundu akainua dole gumba kumpongeza kila mtu.

Wakaanza.

Lazima isemwe, maana Rukiyo mwenyewe hakuweza kujidanganya: wimbo wa kwanza haukuwa mbaya. Ulikuwa mwepesi, wa mbio, na ndani yake mlikuwa na mrukoruko uliofanana na dhaanto ya kwao, ule mwendo wa kucheza kwa shingo na mabega. Watoto waliukamata upesi. Mguu wa Rukiyo mwenyewe ukaanza kugonga mchanga ndani ya kiatu, naye akaukanyaga kwa ule mwingine ili unyamaze. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ungekuwa muziki mbaya angeweza kuuchukia kwa raha.

Ila wimbo wenyewe haukuwa na mwisho. Kila ulipofika mahali pa kumalizikia uligeuka ukaanza upya, ukizunguka na kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na kila duru moshi wa jenereta ulipanda juu ya paa la bati. Mwenye fidla, aliyeitwa Damati, alifumba macho. Mwenye ndevu aligonga ngoma zake, nywele zake zilizooshwa mara mbili zikipepea. Mpiga picha alikimbia huku na huku na kamera begani, akawapiga watoto picha, akapiga uso wa Ebla bila kumuuliza, Ebla akajifunika akamgeuzia mgongo, naye akauzunguka mgongo kumfuata. Wimbo wa pili ulikuwa wa huzuni, na kwa hiyo ulikuwa mrefu zaidi. Rukiyo aliacha kusikiliza. Alikuwa anasikiliza jenereta tu.

Kisha Damati akashusha fidla na kumwita Rukiyo kwenye maikrofoni.

"Waambie tuna zawadi," alisema, na macho yake yalilengwalengwa na machozi, machozi ya kweli, hilo nalo lisikanushwe. "Waambie wimbo huu wa mwisho ni wao. Tumejifunza kutoka kwao. Tunawarudishia."

Rukiyo akawaambia. Watu wakatazamana. Wimbo gani tuliowapa sisi?

Mwaka uliotangulia, Nayil alikuja kuzindua kisima kwa jenereta ya kuazima, na alikuwa na kinasa sauti kidogo cha mfukoni. Alikaa ukingoni mwa birika siku nzima akinasa. Alipoulizwa ni cha nini, alisema ni ukumbusho. Rukiyo ndiyo kwanza akakumbuka hayo, na alipogeuka kumtafuta Nayil alimwona amesimama kando ya lori, akitabasamu kama bwana harusi.

Spika zikafunguka, ikatoka sauti ya Billow.

Haikuwa inayofanana na ya Billow. Ilikuwa yake, pamoja na kile kikwaruzo kooni na pumzi ndefu mwishoni. Ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kuliko mtu yeyote, na chini yake besi la umeme lilikuwa linapiga taratibu, na fidla ikaja juu yake ikipamba. Ilikuwa inaimba wimbo wa maji.

Mtu asiyefuga ngamia huenda akadhani wimbo ni wimbo. Kwa watu wa Billow kuna wimbo wa njiani, kuna wa kuwatua mizigo, kuna wa kuwaaga kisimani, na kuna ule wa kuwaita birikani. Huo wa mwisho hauimbwi ovyo. Hauimbwi harusini, hauimbwi kumfurahisha mgeni, wala mtoto hauchezei. Anauimba mwenye kundi, kwa sauti ambayo kundi limezaliwa likiisikia, na anauimba birika likiwa limejaa. Ngamia wengine wote watalala palepale. Wale wake watainuka. Tangu babu hadi mjukuu hakuna aliyemwimbia ngamia wimbo huo juu ya birika tupu, si kwa sababu kuna adhabu, bali kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwa mchafu kiasi hicho.

Billow alisimama. Alitazama spika, akajishika koo, kwa vidole viwili, kama anayehakikisha kwamba bado liko.

"Abti," alisema, wala hakuwa anamwita Rukiyo hasa. "Huyo ni mimi."

Nyuma ya migunga vumbi likainuka.

Walikuja wote. Waliokuwa na nguvu walikimbia, na wasiokuwa na nguvu walikimbia vilevile, shingo mbele, midomo wazi, jike mweupe Adey mbele yao na mimba yake ikiyumba. Wachungaji waliachwa huko nyuma wakipiga kelele. Watu wakakimbiza watoto. Mpiga picha akapiga yowe la furaha, akapiga goti moja, akawalenga. Na bendi! Bendi ikaongeza sauti. Mwenye ndevu alimwangalia mwenye gitaa, wakachekeana, wakaanza kupiga kwa nguvu mpya, maana ni wanamuziki gani duniani wamewahi kupata hadhira ya namna hiyo?

Ngamia wakafika birikani. Wakainamisha vichwa.

Rukiyo hakutaka kutazama, akatazama. Walilamba saruji. Walilamba mstari wa kijani ambapo maji ya asubuhi yalikuwa yamekaukia, na ndimi zao zilitoa sauti kavu, na juu ya vichwa vyao sauti ya bwana wao ilikuwa inaendelea kuwaita, njooni, njooni. Adey aliinua kichwa akaitikia. Akarudi kulamba.

Rukiyo akakimbilia kibanda cha mashine. Billow alikuwa amemtangulia, lakini askari mmoja wa msafara, kijana wa kutoka bara aliyekuwa ameambiwa alinde vyombo vya wageni, alikuwa amemziba njia na bunduki.

"Mzee, rudi nyuma! Kuna nyaya za stima hapa."

"Wewe bolisi, wacha mimi bite," Billow alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akihema. "Hiyo ngamia ni yangu. Hiyo sauti iko ndani ya sanduku ni yangu. Mimi nadanganya ngamia yangu, na mimi iko hapa, nimefunga mdomo! Wewe naelewa?"

Askari hakuelewa, lakini alisita, na Rukiyo akapita chini ya mkono wake. Ndani, Kulow alikuwa amekwisha kufungulia birika, mkono wake uko juu ya swichi kama alivyoagizwa, akimtazama Nayil kupitia mlangoni. Na Nayil alikuwa ameinua kidole kimoja. Bado. Wimbo uishe.

"Washa," Rukiyo alisema.

"Mkubwa wako anasema..."

Aliusukuma mkono wa Kulow akawasha mwenyewe. Ule mvumo ukalipuka kwenye spika, uuuuu, ukaifunika fidla na besi na sauti ya Billow pamoja, na fundi wa sauti akashika masikio yake mekundu akipiga kelele. Kule nje bomba likakohoa hewa, likakohoa kutu, likatema maji. Ulikuwa mlio mzuri kuliko wote uliosikika siku hiyo, na Rukiyo alifumba macho kuusikiliza.

Hakuusikiliza kwa muda mrefu. Jenereta ikapiga chafya, ikapandisha, ikashuka, ikatetemeka mwili mzima, ikanyamaza. Kulow hakuhitaji kijiti. Alikaa chini kwenye ndoo yake na kutazama mikono yake.

Maji yaliyotoka yalikuwa yamelowesha mwisho mmoja wa birika, na ndama wawili waliokuwa upande ule walikuwa wamekwisha kuyanyonya. Wengine walisongamana pale penye unyevu wakisukumana. Kisha wanabendi wakaanza kupiga makofi. Walikuwa wanawapigia ngamia makofi.

Damati alishuka lorini, fidla mkononi, waya ukimfuata kama mkia. Alimjia Rukiyo mbio na kumshika mikono yote miwili, jambo ambalo mwanamume yeyote wa Kutulo angelipishwa faini kwa kulifanya.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki maishani mwangu," alisema. "Wanyama wanaupenda muziki kiasi hiki! Muulize mzee, tafadhali. Kila mtu kwetu hutuuliza wimbo huu unasema nini, nasi hatujui. Maneno yake yana maana gani?"

Kanda imeuzwa, jenereta imenunuliwa, filamu imepigwa, na ndiyo kwanza anauliza maneno. Rukiyo akavuta mikono yake, akaipangusa kwenye nguo. Hakumuuliza Billow. Hakukuwa na haja.

"Unasema maji yapo," alisema. "Basi. Njooni, maji yapo. Hilo tu, tena na tena."

Damati alitazama birika. Alitazama zile ndimi. Wekundu ukampanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye nywele, na kwa muda mfupi Rukiyo alikaribia kumhurumia, maana ilionekana wazi kuwa ameelewa. Aligeuka akaenda kwenye gari lao karibu kukimbia. Akarudi na katoni ya maji ya chupa. Akafungua chupa moja, akaimimina birikani, gologolo, mbele ya kundi zima. Saruji ikainywa kabla ulimi haujafika.

"Subiri," mpiga picha akasema. "Hiyo ilikuwa nzuri sana. Jua lilikuwa nyuma yako, sikupata uso. Unaweza kurudia?"

Na Damati akarudia. Akasogea upande wa pili, jua likamwangaza vizuri, akafungua chupa ya pili na kuimimina polepole zaidi.

Huruma yote ikamtoka Rukiyo. Alitema mate chini, mbele yao, mbele ya wazee, binti aliyesoma. Nayil akaanza kuja kwake, mkono mmoja umeinuliwa, akisema Rukiyo, Rukiyo, tuzungumze, lori la mafuta liko njiani. Alimpita kama mtu anavyopita nguzo.

Billow alikuwa tayari ameshaamua. Kungoja lori ni kuwaua palepale. Bora watembee kuelekea visima vya mkono, watakaofika wafike. Alisimama mbele ya kundi lake, akasafisha koo, akaanza wimbo wa kuwaaga, ule wa kuwaondoa kisimani, kwa sauti yake mwenyewe, ya mtu mmoja, isiyo na waya.

Hakuna aliyeinuka. Adey alisikia, masikio yake yalisimama. Aliinua shingo, akaigeuza polepole kutoka kwa Billow, akatazama spika juu ya lori. Na wengine nyuma yake nao wakazitazama spika, wakingoja.

Billow aliimba tena, karibu zaidi, akiwa amemshika Adey shavu. Adey alimtazama kidogo, kama mtu asiyemfahamu, kisha akarudisha macho kwenye lile kabati jeusi lililonyamaza.

Sauti ya Billow ikakatika katikati ya neno. Akafunga mdomo. Akaenda kwenye mgunga, akavunja tawi, akalipukuta majani, akarudi na kumchapa Adey ubavuni. Rukiyo hakuwahi kumwona akimpiga ngamia. Adey naye hakuwahi kupigwa, na aliruka kando akiguta, si kwa maumivu, na wale wengine wakatawanyika ovyo kuelekea kila upande isipokuwa ule wa Lafey.

Bila sauti ya kuliongoza, kundi lile lilihitaji watu wawili. Rukiyo alivua beji ya shirika shingoni akaining'iniza kwenye bomba lililokauka, akavunja tawi lake, akaenda kusimama upande wa kushoto wa kundi.